Ukiogopa moyo kwenda mbio, mazoezi utayakwepa

Wapo wasiofanya mazoezi kwa uvivu. Sisi wengine tuliyakwepa kwa sababu tuliuogopa mwili ukichemka. Moyo ukidunda na pumzi zikibana, tulihisi kifo kinabisha hodi, maana hofu inapompanda mtu ghafla huja na dalili hizohizo.

Mwaka 1985 wanasaikolojia Steven Reiss na Richard McNally walitenganisha wasiwasi wenyewe na woga wa dalili zake. Dodoso lililofuata mwaka 1986 lina vipengele 16, kimojawapo kikiuliza kama moyo ukienda kasi unahofia kupata mshtuko wa moyo. Nilipokisoma nilicheka peke yangu.

Ujanja wangu ulikuwa mwingi. Ngazi nilizipanda polepole, nikijifanya nasoma simu. Nikialikwa mpira, goti lilianza kuuma. Nikikimbia kidogo, vidole viko shingoni vinahesabu mapigo, na mapigo ukiyahesabu kwa woga hayashuki ng'o! Ubaya ni kwamba kila unapokatisha unapata nafuu, na nafuu hiyo inakuaminisha kwamba umeponea chupuchupu. Huku mwili usiozoezwa unazidi kuhema kwa kazi ndogo, basi hofu inapata ushahidi mpya.

Kabla ya yote, muone daktari. Maumivu ya kifua, kuzirai ukiwa kwenye mazoezi, au ugonjwa wa moyo katika ukoo si mambo ya kuyaita wasiwasi tu.

Ukiambiwa moyo uko salama, anzia chumbani. Kimbia papo hapo dakika moja, kisha simama. Usikae, usikimbilie maji, usiguse shingo. Acha moyo udunde mpaka utulie wenyewe, halafu rudia. Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Kukimbia ni sehemu rahisi. Wataalamu wa tiba ya hofu hutumia zoezi hilohilo, pamoja na kupumua kwa mrija na kuzunguka kwenye kiti, ili mtu azizoee dalili kwa makusudi.

Baadaye nenda kwenye kutembea kwa kasi, kisha kukimbia. Utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kuwa mazoezi mepesi na makali yote yalipunguza woga huu, ila makali yaliupunguza upesi zaidi. Mimi bado nasema anza na mepesi, maana ukitishika siku ya kwanza hutarudi.

Saa ya kupima mapigo iache nyumbani kwanza. Na siku uliyokosa usingizi au kunywa kahawa nyingi, moyo utawahi kupanda; punguza mwendo, lakini nenda.