Baba ana kiharusi? Msimvute mikono kumwinua!

Hapana mkuu, acha kabisa. Unasema mzee kapooza upande wa kushoto, hawezi kuinuka kwenye kochi, na kesho unaita vijana wawili wamshike mikono wamvute juu. Halafu unauliza dawa ya kuchua na bei ya kiti cha magurudumu. Kwanza huo mkono wa kushoto asiuvute mtu.

Mama yangu hapa Chang'ombe aliinuliwa hivyohivyo, kwa sababu mchuaji mmoja wa mtaani aliyejiita daktari wa viungo alituapia kwamba mkono uliolegea ukivutwa "unaamka". Haukuamka. Baada ya kiharusi misuli inayoshikilia bega hulegea, mkono unaning'inia kwa uzito wake wenyewe. Ukiuvuta, mfupa unateremka kutoka kwenye tundu lake. Mama akawa analia usiku, hata kuvishwa gauni hataki. Mazoezi yakasimama kwa maumivu, na mguu uliokuwa umeanza kupata nguvu ukalegea upya. Tukamwita yule bwana, akasema ni mishipa imekaza, akavuta tena! Na hela akachukua. Mpaka leo nikipishana naye Sabasaba damu inanichemka.

Mtu aliyekaa haanzi kuinuka kwa kwenda juu, anaanza kwa kuinama mbele. Hilo tulionyeshwa na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, mama akiwa tayari na bega bovu. Mzee asogee ukingoni mwa kiti. Miguu yote miwili ikanyage chini, visigino virudi nyuma kidogo ya magoti, na ule mguu mbovu usiachwe mbele, la sivyo mzima utafanya kazi yote. Ainame mpaka pua ifike usawa wa vidole vya miguu, makalio yenyewe yataanza kuwa mepesi, ndipo asukume sakafu kwa miguu. Wewe kaa upande wake dhaifu, mkono mmoja nyuma ya nyonga, mwingine ukilinda goti lisikunjike. Unamwongoza, humbebi kama gunia la mtama. Kwapani usishike.

Hilo kochi linalozama mtoe, na kigoda ndiyo kabisa asikalie. Mtafutie kiti kigumu, kirefu, chenye mikono. Kadiri kiti kinavyokuwa juu ndivyo magoti na nyonga vinavyohitaji nguvu kidogo. Akizoea, mnapunguza urefu polepole, na arudie mara nyingi kila siku, maana kurudia huko ndiko mazoezi yenyewe. Kandambili avue, zinateleza.