Mwewe na kuku wa kienyeji: mwenye kulindwa ni kifaranga

Watu wanaotaka kuanza kufuga kuku wa kienyeji huniuliza swali moja kuliko mengine yote: mwewe hatawamaliza? Wengi wamepata kiwanja pembeni ya mji, wana hamu ya kuona kuku wakitembea uani, na wameshasikia habari za jirani aliyeangua vifaranga kumi na wawili wakabaki watatu. Jibu langu ni fupi. Kuku mkubwa, mara chache sana. Kifaranga, ndiyo, tena bila huruma.

Angalia uzito tu. Mwewe wetu huyu wa kahawia, mwenye mdomo wa njano na mkia wenye panda, kwa kawaida hafikishi kilo moja. Mtetea wa kienyeji aliyekomaa anaweza kuwa na kilo moja na nusu, na ana kucha na hasira zake. Mwewe hawezi kuondoka naye, na wala hajisumbui kujaribu. Chakula chake cha kila siku ni mizoga, utumbo, panya, mijusi, kumbikumbi, na chochote kilichozubaa kinachobebeka. Kifaranga wa wiki mbili yumo kwenye orodha hiyo.

Hapa Muheza ninapofugia nimemtazama sana anavyofanya kazi. Haanzi kwa kushuka. Anazunguka juu ya minazi, kichwa kimeinama, mkia ukipindapinda kama usukani wa ngalawa. Akiona kundi limetoka kivulini, anapotelea nyuma ya paa. Wakati unadhani ameshaenda zake, anatokea chinichini upande wa pili wa nyumba, ananyoosha miguu bila kutua, na kifaranga aliyebaki nyuma ya wenzake hayupo. Mara nyingi anamla hukohuko hewani, vinyoya vinadondoka. Mama mtu amevimba, mbawa zinaburura chini, anakimbilia mahali ambapo hakuna kitu tena.

Kipanga wa porini ni habari nyingine, na wanaokaa karibu na miti mikubwa, kama sisi tulio chini ya milima ya Usambara, tunamjua. Huyu hajionyeshi angani. Anakaa kimya ndani ya mwembe, halafu anakuja moja kwa moja, chini ya usawa wa paa. Anaweza kumuua hata kuku anayekua wa miezi miwili, akamnyonyoa palepale. Ukikuta manyoya yametapakaa kwa duara mahali pamoja mchana, mshuku yeye. Tai wakubwa wanaoweza kumuua kuku mzima wapo nchini, lakini kwenye viwanja vyetu vya mjini ni nadra kuwaona. Na yule tai mweusi mwenye shungi refu kichwani, anayekaa juu ya nguzo ya umeme asubuhi nzima, watoto wanampiga manati bure. Karibu chakula chake chote ni panya.

Sasa niseme jambo ambalo wafugaji wenzangu hawapendi kulisikia: mwewe anabeba lawama za wengi. Kuku aliyetoweka usiku hakuchukuliwa na mwewe, kwa sababu mwewe usiku amelala kama wewe. Ukikuta kuku ameng'atwa shingo au kichwa hakipo, tafuta kicheche, nguchiro au kanu, na uangalie tundu aliloingilia. Mayai yakipungua kiotani, fikiria kenge na nyoka. Kuku watatu wanne wamelala wamekufa na hawakuliwa, hapo kuna mbwa wa mtu. Siafu nao wakiingia bandani usiku hawabagui.

Halafu kuna kunguru. Sisemi yule wa asili mwenye kifua cheupe, nasema huyu mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili asafishe taka, akavuka bahari na kuenea pwani yote. Kwa anayefuga Tanga mjini, Dar es Salaam au Mombasa, huyu ndiye adui wa kweli wa vifaranga. Anakuja na wenzake: mmoja anamchokoza mama kwa mbele, mwingine ananyakua kwa nyuma. Anakula mayai pia. Ajabu yake, ni huyohuyo anayemfukuza mwewe, kwa hiyo mwenye nyumba akiona kunguru wanamkimbiza mwewe anashukuru, kumbe mwizi mmoja anamfukuza mwenzake.

Na juu ya wote hao kuna ugonjwa wa kuku uitwao kideri, wengine huita mdondo. Kikipita kijijini kinafuta banda zima ndani ya siku chache. Chanjo yake ni tone moja la jicho, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mtu ananunua neti ya kuzuia mwewe kwa maelfu ya shilingi na hajawahi kuchanja! Anza na chanjo, ndugu yangu. Neti itafuata.

Kwa upande wa mwewe, kazi yote iko kwenye wiki sita hadi nane za mwanzo. Bibi zetu walifunika vifaranga kwa tenga, na mpaka leo sijaona kilicholishinda tenga kwa wiki za mwanzo, ila ni dogo na vifaranga hawapati kuchakura. Mimi natumia kizimba cha mbao kisicho na sakafu, juu nimetandika wavu chakavu wa samaki niliopewa na wavuvi wa Sahare. Kila asubuhi nakihamisha penye majani mapya, mama na watoto ndani. Nawawekea pumba, mahindi yaliyoparazwa, na mchwa. Mchwa unawapata kirahisi: jaza chungu kikuukuu nyasi kavu na samadi yenye unyevu, kigeuze mdomo chini karibu na njia ya mchwa, kesho yake kina chakula. Wavu ukaguliwe kila siku, maana nyoka hunasa humo, na hutaki kumgundua kwa mkono.

Jingine linalosaidia ni kuatamisha matetea kwa pamoja. Ukiwa na matetea watatu wanaotaka kuatamia, wawekee mayai siku moja. Wataangua pamoja, na ulinzi utakuwa wa msimu mmoja badala ya kuwa na vifaranga wa kila umri uani mwaka mzima.

Wakishatoka kizimbani, wape mahali pa kukimbilia. Uwanja uliofagiliwa mpaka unang'aa unapendeza machoni pa wageni, na mwewe naye anaupenda. Acha migomba, mihogo, matete kidogo kwenye uzio. Kwangu kuna mlango mkuukuu umelazwa juu ya matofali katikati ya uwanja. Vifaranga wanajua chini yake ni kwao. Na utumbo wa samaki ufukie. Ukiparia samaki uani na kuacha mabaki hapohapo, umewaalika mwewe na kunguru mwenyewe, na wakishajua njia hawaisahau.

Sidii za kuning'iniza na tepu za kaseti? Zinafanya kazi siku za mwanzo, kisha mwewe anazizoea. Ukizitumia, zihamishe mara kwa mara. Kamba za mshipi zilizokatizwa juu ya uwanja zinamkera zaidi, kwa sababu hazioni vizuri na zinamharibia njia ya kupita. Wapo wanaowapaka vifaranga rangi ya zambarau ili mwewe asiwatambue. Sioni ubaya wake, lakini jirani yangu mmoja anapaka na bado analalamika.

Nyama yenye sumu usiiweke kamwe. Atakufa mbwa wako, paka wa jirani, na bundi anayekulia panya usiku, na panya hao ndio wanaomaliza chakula cha kuku na kung'ata vifaranga gizani. Tumbusi wamepungua vibaya Afrika nzima, na mizoga yenye sumu ni sababu mojawapo kubwa, ilhali tumbusi hana habari na kuku wako.

La mwisho, fuga jogoo mzima, asiye mchanga. Jogoo ana mlio wa adui wa ardhini, ule wa kelele za kukatakata, na ana mlio wa adui wa angani, mrefu na mwembamba. Ukipigwa huu wa pili, matetea wanaganda au wanajitupa vichakani kabla wewe hujainua macho. Kanga wana macho makali zaidi, lakini wanapiga kelele kwa kila kitu, hadi baiskeli ya muuza maziwa, na wanavuka uzio kwenda shamba la watu. Penye nyumba zilizobanana, baki na jogoo.