Kumtafuta Mnasihi wa Msiba Baada ya Eda

Mume wangu alifariki dunia alfajiri, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kwa kiharusi kilichomchukua kabla majirani hawajamaliza kuamshana. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, na kwa muda wote huo sikuwa peke yangu: wifi zangu walilala kwangu kwa zamu, mama mkwe alikuwa akinisomea kila jioni, na chakula kililetwa kabla sijakumbuka njaa. Eda ilipokwisha kila mtu alirudi kwake, na walikuwa na haki, maana nao wana nyumba na watoto wao. Kwangu mimi msiba ulianza siku ile.

Nayaandika haya kwa ajili ya mfiwa ambaye matanga yameshaanuliwa, ambaye mchana humjibu «alhamdulillahi» kila anayemjulia hali, na ambaye usiku hukaa macho mpaka adhana. Nilimpata mnasihi, yaani mshauri nasaha, aliyenisaidia, lakini baada ya kupotea njia kwanza, na ningependa mwingine asipotee pale nilipopotea.

Jambo la kwanza lililonichukua muda ni kujua ninatafuta tiba ya nini. Tuna maneno mengi ya hali hii, huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, nasi huyatumia kana kwamba yote ni mamoja. Lililonifaa mimi lilikuwa ukiwa, ile hali ya nyumba iliyohamwa. Baiskeli ya marehemu ilibaki imeegemezwa ukutani palepale alipoiacha usiku wake wa mwisho, tairi la nyuma limekwisha upepo, na mfuko wake wa turubai ukiwa bado umefungwa kwenye keria kwa kamba ya mpira. Kwa miezi saba nilipita hapo ubavuubavu ili nguo yangu isiiguse, na mtoto aliyethubutu kuisogeza apate kufagia nilimkaripia hadi akalia. Nilibadili hata njia ya kwenda shuleni ninakofundisha, ili nisipite mbele ya fundi aliyekuwa akimtengenezea. Watu walimwona mjane aliyejikaza, wakanisifu.

Wengi huniuliza ni wakati gani mtu atafute mtaalamu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linautambua msiba uliorefuka kuwa ni tatizo la afya pale ambapo kumtamani marehemu, au kushughulishwa naye mawazoni, pamoja na maumivu makali ya moyo, kunaendelea zaidi ya miezi 6, kunapita kiasi kinachokubalika katika mila na dini ya mfiwa, na kunamzuia kuendesha maisha yake. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliorekebishwa mwaka huohuo unataka ipite miezi 12 kwa mtu mzima. Mimi ninavipenda vipimo hivi kwa sababu vinampa mfiwa nafasi yake: anayelia baada ya arobaini si mgonjwa, wala mjane aliyetoka eda jana si mgonjwa kwa kuwa hajaanza kucheka. Lakini hesabu hiyo ya miezi haimhusu anayetamani kufa ili amfuate marehemu, au aliyeacha kula kabisa. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake hata kwa muda wa kwenda dukani.

Ukianza kuulizia, utakutana kwanza na majina. Watu wengi wa rika langu neno ushauri nasaha tulilisikia kwenye vituo vya kupima VVU, kwa hiyo nilipomwambia wifi yangu kwamba nakwenda kwa mshauri nasaha, alinivuta chumbani akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepimwa. Mama mkwe naye aliuliza kama napelekwa Lutindi. Lutindi ni hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko milimani Korogwe, ambayo kabla ya hapo ilikuwa makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Imewahudumia watu kwa zaidi ya miaka 100 na inastahili heshima, lakini mkoani kwetu jina lake hutumika kumtishia mtu, na hofu hiyo imewazuia wengi kutafuta msaada ambao wala hauhitaji kulazwa. Nilimweleza mama kwamba nakwenda kukaa kitini saa moja, nizungumze, kisha nirudi kupika. Akaridhika, na mara mbili alinisindikiza mwenyewe.

Daktari bingwa wa magonjwa ya akili huweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hutibu kwa mazungumzo na mazoezi, wala hahitaji kuwa daktari. Mnasihi au mshauri nasaha anaweza kuwa amesoma chuo kikuu miaka kadhaa, au amehudhuria mafunzo ya wiki chache tu, na jina ni lilelile. Ndiyo maana si utovu wa adabu kumuuliza amesoma nini, wapi, na wafiwa wangapi amewahi kuwahudumia. Aliyesoma hujibu bila kukasirika. Kwa aliye Tanga mlango wa kwanza ni hospitali: hospitali za rufaa za mikoa, kama Bombo kwetu, zina huduma za afya ya akili, na maafisa ustawi wa jamii walioko hospitalini mara nyingi ndio wanaojua nani anapatikana siku gani. Ulizia gharama dirishani kabla ya miadi, na kama una bima, ulizia pia kama inagusa mazungumzo au dawa peke yake.

Mnasihi wa kwanza niliyemwendea hakunifaa. Sitaki kumtaja wala kumlaumu, maana nadhani alifanya alichofundishwa. Kabla sijamaliza kueleza ilikuwaje, alichukua karatasi, akaandika hatua tano za msiba kutoka juu hadi chini, akaweka alama kwenye ya pili na kuniambia nipo kwenye hasira. Baadaye nilisoma kwamba hatua hizo ziliandikwa mwaka 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wenyewe, na kwamba wafiwa hawazipiti kama mtu anayepanda ngazi. Siku ile sikulijua hilo. Nilichojua ni kwamba nilikuwa nimepewa alama kama mwanafunzi. Kikao cha pili aliniambia mimi bado kijana, nitaolewa. Nilimlipa, nikatoka, na kwa wiki sita sikutaka kumsikia mnasihi yeyote. Wiki hizo sita ndizo ninazozijutia, kwa sababu kosa la mtu mmoja nililifanya kosa la tiba nzima. Kama wa kwanza hakufai baada ya vikao viwili au vitatu, mwambie hivyo, muulize anaweza kukuelekeza kwa nani, na uende wiki ileile.

Wa pili nilielekezwa na mwalimu mwenzangu aliyefiwa na mtoto. Mama huyu alikuwa Dar es Salaam, na vikao vyetu vingi vilikuwa vya simu. Jambo la kwanza aliloniuliza halikuwa umri wangu wala idadi ya watoto. Aliniuliza, «Alikuwa anaitwa nani?» Tangu nitoke eda watu walikuwa wakimwita marehemu, au baba yao, au yule mwenzio, wakidhani wananihurumia. Nilipolitamka jina lake sauti ilinikatika, naye akanisubiri, kimya, kwa muda ambao nilisikia feni ya ofisini kwake ikizunguka. Kisha akataka nimweleze alikuwa mtu wa namna gani kabla ya kunieleza lolote kuhusu msiba. Sasa hiki ndicho ninachomwambia kila anayeniomba ushauri: mnasihi wa msiba anayestahili muda wako humtaka marehemu awemo katika mazungumzo. Anayekuhimiza umsahau, au anayeruka moja kwa moja kwenye ushauri wa biashara na ndoa, anakutibu maradhi mengine.

Nilimwambia kwamba nilicheka kwenye harusi ya jirani, nikarudi nyumbani nikajichukia. Alinieleza kwamba watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliandika mwaka 1999 kuwa mfiwa huenda na kurudi kati ya kuushughulikia msiba na kuyashughulikia maisha yanayoendelea, na kwamba huko kwenda na kurudi ndiko kupona kwenyewe. Mimi ni mtoto wa pwani, nikamwambia basi ni maji kupwa na kujaa. Akasema ndivyo, na tangu hapo tukawa tunasema juma hili ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, juma hili maji mafu, yanapotulia, na sote tunaelewana. Nalitaja hili kwa sababu lugha ni sehemu ya kuchagua. Tafuta mtu ambaye unaweza kumweleza mambo yako kwa Kiswahili chako cha nyumbani, asikulazimishe kutafsiri maumivu yako.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Alinitaka niisimulie alfajiri ile tangu nilipoamka, huku nimefumba macho, kisha kikao kilichofuata niisimulie tena, na tena, mpaka nikaweza kufika mwisho wake. Alinitaka pia nichague kitu kimoja ninachokikimbia, nikikaribie kidogo kidogo. Nilichagua baiskeli. Juma la kwanza niligusa usukani tu. Juma la pili nilifungua mfuko, nikakuta ndani risiti ya misumari, kanzu iliyokunjwa, na pakiti ya biskuti alizokuwa akiwanunulia watoto. Nikakaa sakafuni nikalia hadi adhuhuri. Juma la tatu niliazima pampu kwa jirani nikajaza upepo. Njia hii imeandaliwa na Katherine Shear wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, na huchukua takriban vikao 16. Nilipouliza kama dawa zingenisaidia zaidi, mnasihi wangu aliniambia kwamba utafiti wa Shear uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa dawa ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, ikiongezwa kwenye mazungumzo haya hupunguza dalili za sonona, lakini msiba wenyewe ulinufaika na mazungumzo.

Kuna mambo madogo ambayo nisingependa uyagundue kwa taabu. Tanga ni mji ambao baiskeli ya mtu hutambulikana kabla ya sura yake, kwa hiyo muulize mnasihi mapema anatunza vipi siri na ni katika hali gani atalazimika kuitoa. Kwa vikao vya simu, nyumba yenye watu saba haina faragha. Mimi nilikuwa nakwenda bustani ya Jamhuri, nikakaa upande wa baharini, ambako mwanamke anayelia akitazama maji hasumbuliwi na mtu. Aliye kwenye eda anaweza kuanza kwa simu bila kutoka nyumbani, na laiti ningalijua hilo. Na ukiambiwa kwamba kutafuta mnasihi ni upungufu wa imani, au kwamba machozi humwadhibu maiti, kumbuka kwamba Mtume alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Ustadhi wetu ndiye aliyenikumbusha, akaongeza kwamba dua na tiba hazijawahi kugombana.

Tulipofika karibu na mwisho wa vikao, mnasihi wangu aliniomba tuisogeze miadi moja iangukie juma la hitma ya mwaka, kwa sababu tarehe hiyo huwaangusha hata waliokwisha kusimama. Nilidhani tutazungumzia kifo. Saa ile tuliitumia kupanga nani atasimama nami jikoni, nani atapokea wageni mlangoni, na ni mtu gani nitamkonyeza nikitaka kuondoka barazani nikapumzike chumbani. Nilimchagua wifi yule yule aliyeniuliza kama nimepimwa. Alikubali kabla sijamaliza kumweleza.