Karo la zamani limegoma: utengeneze au ujenge jipya?

Kuna sifa ambayo wenye nyumba wa Mtwara na Lindi hupenda kuitoa barazani: "Shimo langu halijawahi kujaa tangu nijenge." Usimwonee wivu. Shimo linalomeza maji ya familia nzima miaka ishirini bila kujaa, kwenye mwamba wetu huu wa matumbawe, mara nyingi limepata ufa. Maji yanashuka kwenye ufa bila kuchujwa na udongo, na kisima cha jirani kiko upande wa pili. Kwa hiyo unapokagua mfumo wa zamani, usitafute tu panapofurika. Tafuta pia panapopotea maji bila maelezo.

Mfumo una sehemu tatu: bomba kutoka nyumbani, karo lenyewe (tangi la kutenganisha tope na maji), na shimo la kunywea ambako maji huingia ardhini. Kinachochoka kwanza karibu kila mara ni shimo la kunywea. Kinachobomolewa kwanza karibu kila mara ni karo. Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Kwanza jua kilichokufa

Fungua chemba iliyo karibu na nyumba, kisha mfuniko wa karo. Chemba ikiwa imefurika huku maji ya karo yametulia usawa wa bomba la kutokea, ugonjwa uko kwenye bomba la kati: mizizi, nepi, pedi, au bomba lililokaa kwenye udongo wa kujaza likadidimia. Hapo unahitaji fundi bomba wa siku moja, basi. Maji ya karo yakiwa yamepanda hadi kulifunika bomba la kutokea, ama tii ya kutokea (kiungo cha bomba chenye umbo la T) imezibwa na utando wa mafuta, ama shimo la kunywea limegoma. Na yakiwa chini sana ya bomba la kutokea wakati nyumba inatumika kila siku, karo linavuja, hata kama choo kinashuka vizuri na hakuna anayelalamika.

Siku ya gari la kunyonya usikae sebuleni. Simama pembeni uangalie bomba la kutokea wakati maji yanashuka. Yakianza kurudi ndani ya karo kutoka upande wa shimo la kunywea, umeshapata jibu: shimo limejaa na halinywi. Kulijenga upya karo hakutasaidia chochote. Ndiyo maana mtu huita gari mwezi huu, na baada ya wiki mbili choo kinagoma tena.

Kagua na mfuniko. Gesi yenye harufu ya mayai viza hupanda, hugeuka asidi kwenye unyevu wa chini ya zege, na hula zege kuanzia upande usiouona. Kama fundi wa zamani alitumia mchanga wa ufukweni, chumvi nayo inakula nondo. Juu panaonekana pazima, chini zege linabomoka kama mkate mkavu. Gonga kwa nyundo: mlio wa kufa, vipande vinavyodondoka au kutu inayochungulia maana yake ni kumwaga mfuniko mpya, na watoto wasipite juu yake kuanzia leo.

Asiingie mtu ndani ya karo, hata likiwa tupu, hata likiwa limeachwa wazi tangu asubuhi. Gesi hiyo huzimisha mtu kwa pumzi chache, na anayeruka kumwokoa hufia juu ya mwenzake. Wala usimulike kwa kiberiti, gesi ya methani inawaka.

Shimo la kunywea likiwa ndilo mgonjwa

Kuta za shimo hupata utando mweusi unaoteleza, wa tope laini na vijidudu, na utando huo ndio unaokataa maji. Ukilipumzisha shimo miezi sita hadi mwaka, utando hukauka na udongo hurudi kunywa. Kwa hiyo matengenezo ya busara mara nyingi ni kuliacha karo, kuchimba shimo la pili, na kuweka chemba ndogo ya kugawa kati ya hayo mawili. Unaziba tundu la upande mmoja, unatumia mwingine, kisha yanapokezana. Ni nafuu kuliko kuvunja kila kitu.

Ukubwa wa shimo usiachiwe mazoea ya fundi. Chukua watu 8 wenye maji ya bomba, kila mmoja lita 80 kwa siku: jumla lita 640. Kwa makadirio, mita moja ya mraba ya ukuta wa kichanga hunywa kama lita 50 kwa siku, kichanga chenye mfinyanzi kiasi kama 33, na mfinyanzi kama 10 tu. Kwenye kichanga unahitaji mita za mraba 12.8 za ukuta. Shimo la kipenyo cha mita 1.5 lina mzunguko wa mita 4.7, hivyo litahitaji kina cha mita 2.7 chini ya bomba la kuingilia. Kwenye udongo mchanganyiko kina kinafika mita 4.1, afadhali uchimbe mashimo mawili. Kwenye mfinyanzi mtupu unahitaji mita za mraba 64, hapo shimo la duara lisahau. Hesabu ukuta tu. Sakafu ya shimo huziba mapema.

Jenga kwa tofali, viungo vya wima viachwe bila saruji, na nyuma ya ukuta jaza kokoto sentimita 15 hadi 30. Newala na Tandahimba, kwenye udongo mwekundu wa kichanga, maji ya ardhini yako mbali sana lakini kuta huporomoka. Tofali zishuke hadi chini kabisa. Huko huko, nyumba inayotumia maji ya ndoo haina haja ya karo. Choo cha kumwagia maji chenye mashimo mawili ya kupokezana, moja likitumika na jingine likipumzika miaka miwili, kinatosha kabisa.

Pwani shida ni kinyume. Chini ya shimo pabaki angalau mita 1.5 za udongo mkavu kabla ya kufika kwenye maji, na kipimo ni cha masika, si cha Septemba. Mwezi wa Aprili teremsha kamba yenye jiwe kwenye kisima cha jirani, pima kutoka usawa wa ardhi hadi maji, andika. Mahali pa chini kama sehemu za Shangani au Mikindani hapa Mtwara, mara nyingi kipimo hicho kitakukatalia shimo refu. Badala yake chimba mfereji wa kina kifupi: upana sentimita 60, sentimita 60 za kokoto kubwa chini ya bomba lenye matundu, juu viroba vilivyopasuliwa kuzuia mchanga usiingie, kisha udongo. Kila mita ya mfereji inakupa mita za mraba 1.2 za ukuta, kwa hiyo familia ile ya watu 8 kwenye kichanga inahitaji mita 11. Mwamba wa matumbawe ukitokea na maji unayomimina kujaribu yakazama mara moja, usishangilie. Hamisha mahali, au uweke mfereji juu zaidi kwenye kichanga cha kujaza.

Mwembe na mkorosho usiwe karibu. Mizizi inajua maji yaliko. Na maji ya bati yasiingizwe kwenye mfumo huu kabisa. Mvua moja kubwa ya Februari husukuma tope lote kutoka kwenye karo hadi kwenye shimo, na shimo jipya linazeeka kwa usiku mmoja.

Ikibidi karo jipya

Kwa familia hiyo hiyo, ndani pawe urefu mita 2.4, upana 1.2, kina 1.5 hadi chini ya mfuniko. Maji yatasimama kwenye mita 1.2, yaani kama lita 3,450. Ukuta wa kati ugawe chumba cha kwanza theluthi mbili, cha pili theluthi moja, na matundu ya kupitisha maji yawe kama sentimita 55 kutoka sakafuni: tope linabaki chini, mafuta yanabaki juu, maji ya katikati yanapita. Ukuta wa kati usifike kwenye mfuniko, hewa ipite.

Bomba la kutokea liwe juu ya sakafu mita 1.2, la kuingilia sentimita 7 juu yake. Yote mawili yawe na tii za PVC inchi 4, siyo elbo: mguu wa kuingilia uzame sentimita 30 hivi, wa kutokea 45. Tii ya kutokea ndiyo mafundi huiruka kila siku ("si maji yanatoka tu, bosi?"), na bila hiyo mafuta yote huhamia kwenye shimo la kunywea. Bomba kutoka nyumbani literemke sentimita 2.5 kwa kila mita. Ongeza bomba la hewa linalopita juu ya bati.

Vifaa: tofali za inchi 6 kama 200, za kulaza kwa kuta za nje kwa sababu udongo unasukuma, saruji mifuko 18 ya kilo 50, nondo 6 za milimita 12, zisukwe kila sentimita 20 kwenye mfuniko wa unene wa sentimita 12. Jamvi (sakafu ya zege) sentimita 15, zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Plasta 1:3 ndani, kisha niru (uji wa saruji tupu). Acha mifuniko miwili ya sentimita 60 kwa 60, mmoja juu ya kila tii, siyo mmoja katikati ambako hakuna cha kufanya. Kabla ya kufukia, jaza maji, yaongeze kesho yake tofali zikishakunywa, weka alama, ngoja saa 24. Yakishuka, rudia plasta sasa.

Karo la plastiki ni jepesi, na hapo ndipo lilipo tatizo lake pwani: maji ya ardhini yakipanda likiwa tupu, linaelea na kuvunja mabomba. Lifungwe kwenye jamvi la zege.

Vibali, na msimu

Anza kwa mtendaji wa mtaa na afisa afya, kisha halmashauri kwa kibali cha ujenzi. Peleka mchoro wa kiwanja wenye umbali ulioandikwa: shimo hadi nyumba, hadi mpaka, hadi kila kisima, cha kwako na cha jirani. Mita 30 kutoka kisimani ndicho kipimo cha kushika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari na kingo za mto; nyumba ya zamani iliyomo ndani ya eneo hilo isichimbe kitu kabla ya kuonana na afisa mazingira. Tope lipelekwe na gari hadi mahali palipoelekezwa na halmashauri au mamlaka ya maji. Kutapisha shimo (kuyafungulia maji machafu yatiririke nje) usiku wa mvua ni kosa, na majirani wanajua harufu inatoka kwa nani.

Pesa ya korosho huanza kuingia Oktoba, mvua nazo zinabisha hodi Desemba. Wengi huchimba hapo katikati, shimo likajaa maji kabla ya jamvi. Kama pesa imechelewa, nunua nondo, tofali na mabomba uweke. Saruji usinunue, haikai miezi minane bila kuganda. Chimba Agosti.

Shimo au karo la zamani lisiachwe wazi wala kujengewa juu. Linyonywe, sakafu ya karo itobolewe kutoka juu kwa mtaimbo mrefu, mimina chokaa, jaza mchanga kwa tabaka ukishindilia, mwisho acha kifusi kiinuke kidogo maana kitashuka.

Karo jipya lipimwe kila mwaka kwa fito iliyofungwa kitambaa cheupe cha taulo. Izamishe taratibu hadi sakafuni, iache dakika chache, itoe: sehemu nyeusi ni tope. Likifika sentimita 40, ita gari. Ikiwa ni masika na maji ya ardhini yako juu, linyonywe nusu tu, lililobaki lisubiri Juni.