Sauti ninayoikumbuka kuliko zote katika filamu, na mvua iliyonifundisha kusikiliza

Aliyeanzisha mjadala ameuliza ni sauti gani ya filamu ambayo haijatutoka masikioni, na kwa nini. Mchangiaji mmoja akajibu kwamba sauti bora daima ni ile iliyorekodiwa kutoka kwenye kitu chenyewe: mvua irekodiwe mvuani, ngumi irekodiwe kwenye ngumi. Niliamini hivyo kwa miaka mingi, na naomba nieleze kwa kirefu kilichonibadilisha, kwa sababu jibu langu halitaeleweka bila maelezo hayo.

Nilipokuwa nikiwasaidia marafiki kutengeneza filamu fupi, nilipewa kazi ya sauti kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kinasa sauti. Kulikuwa na tukio la mtu aliyesimama mvuani usiku, akisubiri kufunguliwa mlango. Nilisubiri mvua halisi, nikaiweka maikrofoni mahali pasipolowa, nikarekodi karibu saa nzima. Tulipoiunganisha na picha, kila aliyesikiliza alidhani kuna kitu kinakaangwa. Mvua inayopiga pande zote kwa wakati mmoja, ikipita kwenye maikrofoni moja, hugeuka kuwa mchakarisho usio na mbali wala karibu; mtu aliyeko mvuani husaidiwa na macho yake, ngozi yake na mwelekeo wa kila tone, na maikrofoni haina msaada huo. Kilichookoa tukio ni matone machache niliyoyadondosha kwa mkono, moja moja, juu ya koti la ngozi, juu ya bati na ndani ya ndoo yenye maji kidogo, kisha nikaishusha ile mvua halisi hadi ikabaki nyuma kama pazia. Hapo ndipo yule mtu alipoanza kuonekana amelowa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta namna mafundi wakubwa walivyozipata sauti zao, na karibu kila mara nimekuta kwamba kitu kilichosikika sicho kilichorekodiwa. Katika filamu ya Psycho ya mwaka 1960, kisu tunachokisikia kikiingia mwilini kilikuwa kikiingia kwenye tikiti. Mngurumo wa Godzilla, lile dubwana la filamu ya Kijapani ya mwaka 1954, ulitoka kwa mtunzi wa muziki Akira Ifukube, aliyetumia kontrabasi, ile fidla kubwa kuliko zote katika okestra, huku nyuzi zilizolegezwa zikisuguliwa kwa glavu ya ngozi yenye utomvu wa msonobari, na sauti hiyo ikapunguzwa kasi. Sauti ikipunguzwa kasi hushuka na kurefuka, na sikio letu limezoea kwamba sauti nzito hutoka kwenye mwili mkubwa. Fundi wa sauti Gary Rydstrom alilijua hilo vizuri alipoitengeneza sauti ya dinosau mkubwa wa filamu ya Jurassic Park mwaka 1993: kiini cha mngurumo ule ni mlio wa mtoto wa tembo, ukachanganywa na sauti za chui milia na mamba. Mlio wa kiumbe mdogo, ukivutwa ukawa mzito, hubaki na mikwaruzo na mitetemo yake midogo, ndiyo maana yule mnyama anasikika kama ana koo na pumzi.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni upanga wa mwanga katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, kwa sababu hapo hapakuwa na kitu halisi cha kurekodi hata kama fundi angetaka. Fundi wake wa sauti, Ben Burtt, alianza na mvumo wa mota ya projekta ya zamani, mvumo tulivu wa mashine iliyowashwa lakini haijaanza kazi. Baadaye maikrofoni yenye waya ulioharibika ikapita karibu na televisheni na kunasa mlio mkali wa umeme, naye badala ya kuutupa kama kasoro akauchanganya na ule mvumo. Bado sauti ilikuwa imesimama mahali pamoja, ilhali upanga unapungwa. Kwa hiyo aliupiga mvumo ule kwenye spika chumbani, akachukua maikrofoni nyingine na kuipitisha mbele ya spika kama mtu anayepunga upanga, akiirekodi upya huku sauti ikipanda na kushuka, kama ya gari linalokukaribia kisha likakupita. Niliposoma habari hiyo nilinyanyuka nikaijaribu mwenyewe kwa mvumo wa feni, na nakiri kwamba nilisisimka. Mkono wa fundi ndio tunaousikia katika upanga ule, wala si mashine peke yake.

Mkono huo huo ndio ulioiasisi kazi ya Jack Foley. Katika studio ya Universal mwaka 1929, wakati filamu ya Show Boat iliyokuwa imepigwa bila sauti ilipoongezewa sauti, yeye na wenzake walitoa vishindo na milio huku wakiitazama picha ikipita mbele yao, na hadi leo kazi hiyo inaitwa kwa jina lake. Faida yake nimeiona kwenye nyayo. Nyayo zangu za kwanza zililingana na miguu ya mwigizaji kwa usahihi kamili, lakini zilikuwa za mtu aliyeshiba na kupumzika, wakati mhusika alikuwa ametembea kutwa. Ilinibidi nivae viatu vilivyonizidi na kuburuta kisigino ndipo uchovu ukasikika.

Kuhusu lile yowe maarufu la Wilhelm, lililorekodiwa kwa ajili ya filamu ya mwaka 1951 na ambalo wachangiaji wawili wamelisifu, mimi silipendi. Yowe hilo hilo moja limerudiwa katika filamu nyingi mno, na kila nikilisikia nakumbuka kwamba natazama filamu.

Sasa jibu langu. Ni sauti ndogo sana, katika No Country for Old Men ya mwaka 2007, filamu yenye muziki kidogo kiasi kwamba kila kinachogusana na kingine kinasikika. Mtu amekaa gizani katika chumba cha hoteli na bunduki yake, akitazama mstari wa mwanga chini ya mlango. Vivuli vya miguu vinasimama pale nje, kisha vinaondoka. Tunangoja pamoja naye. Halafu unasikika mlio mwembamba, mkavu, wa kitu kinachozungushwa, na mwanga chini ya mlango unazimika: aliyeko nje ameifungua balbu ya ukumbini. Sijui mlio ule ulirekodiwa kwenye balbu au kwenye kitu kingine kabisa, na sihitaji kujua. Ungefunikwa na fidla moja tu ya wasiwasi tusingeusikia, na tungebaki tukitazama mlango tu. Lakini kwa kuwa umeachiwa chumba chote peke yake, tunauona mkono wa muuaji ambao kamera haikutuonyesha.