Koplo mpya anayeandika tathmini ya askari wake, soma hapa

Mkuu Koplo, hongera kwa V ya pili, alama ya cheo chako kipya. Kwa waliochelewa kuingia, swali lake ni hili: amekabidhiwa seksheni, yaani kikundi kidogo cha askari ndani ya platuni, na sajini wa platuni kamwambia mwisho wa mwaka ataandika tathmini ya kila askari. Nusu yao ni wa kozi moja naye, mmoja amemzidi umri, mwingine pombe inamharibia siku za mshahara, na yeye hajui aanzie wapi bila kugombana na watu.

Mimi nimestaafu nikiwa Sajini Taji, niko Makorora hapa Tanga, nafuga kuku. Kazi hiyo nimeifanya katika vikosi zaidi ya kimoja. Vikosi sivitaji, na mambo ya ndani ya fomu zetu siyaweki hapa. Naeleza namna ya kufanya tu.

Tathmini haianzi Desemba. Inaanza wiki unayoipokea seksheni, pale unapomwita kila mmoja peke yake na kumwambia utaangalia nini: silaha, lindo, sare, namna anavyopokea amri, namna anavyoishi na wenzake. Dakika kumi zinatosha. Jeshi la nchi kavu la Marekani, ambalo kanuni zake ziko wazi mtandaoni, linataka kiongozi akae na mwenye V aliye chini yake ndani ya siku 30 za mwanzo wa kipindi, kisha kila baada ya miezi 3 hivi. Wana na fomu ya mazungumzo hayo, DA 4856, ambayo sehemu yake ya mwisho huachwa wazi ijazwe baadaye: yale mliyokubaliana yamefanyika au hayakufanyika? Hapo ndipo wengi wetu hushindwa. Tunamsema mtu, hatumrudii.

Kwa hiyo nunua daftari dogo la kuingia mfukoni mwa kombati. Gawa kurasa, kila askari na zake. Usiandike sifa, andika tukio. Ukiandika "mzembe", Desemba utakuwa huna cha kumjibu akikuuliza kwa lipi. Ukurasa wa askari wangu mmoja ulikuwa hivi: "Lindo la geti, zamu ya saa nane usiku hadi saa kumi. Kakabidhi bila kuandika kitabu cha matukio. Nimemwambia asubuhi." Chini yake, wiki iliyofuata: "Zamu ileile. Gari la maji limeingia alfajiri, kaandika namba ya gari, saa na jina la dereva." Mistari hiyo michache inatosha kukuonesha askari aliyekosea, akaambiwa, akajirekebisha. Ungengoja mwisho wa mwaka ungekumbuka lile kosa tu, au usingekumbuka chochote ukaandika "anaendelea vizuri", maneno ambayo hayamsaidii yeye wala OC, ofisa anayeongoza kombania, anayetafuta wa kumpeleka kozi.

Daftari litakulinda pia na upendeleo ambao hata wewe huujui. Kila kikosi kina mshambuliaji wake wa timu ya mpira. Akifunga goli Mkwakwani Jumamosi, Jumatatu keshakuwa askari bora. Halafu kuna yule wa stoo, haongei, hesabu ya mablanketi na majembe haijawahi kupungua, na hakuna anayekumbuka jina lake mpaka siku akienda likizo na stoo ikavurugika. Kila Ijumaa pitia kurasa. Ukiona za mtu fulani ni tupu kwa mwezi mzima, nenda kamwangalie anafanya nini. Mara nyingi wenye kurasa tupu ndio wanaobeba seksheni.

Sasa kusema. Hapa watu wa pwani tuna ugonjwa wetu. Mtu wa Tanga akitaka kukwambia umekosea, ataanza na joto la leo, atamuulizia mama yako, atamalizia kwa fumbo, na wewe utaondoka ukidhani umesifiwa. Nilikuwa na koplo mmoja wa Pangani, hodari, ustaarabu umemjaa. Siku moja kamwona askari wake, kijana wa Tarime, silaha ina kutu. Akamwambia, "Naona bunduki yako imepaka hina." Kijana akacheka, akaenda zake. Kesho yake ukaguzi, kutu iko palepale, koplo kawaka, anataka kumfungulia mashtaka kwa kukaidi amri. Nikamwita pembeni nikamuuliza, "Ulimwambia asafishe?" Akajibu, "Afande, nilimwambia imepaka hina." Yule wa Tarime hakukaidi kitu, maana hakuna amri aliyopewa. Kwao mtu akitaka bunduki isafishwe husema isafishwe.

Sema hivi: "Mtutu una kutu karibu na mdomo. Isafishe kabla ya saa kumi jioni, nitaikagua mwenyewe." Kisha saa kumi uende kweli. Usipokwenda, mara ya pili hatakusikiliza, na ana haki.

Mahali pa kusemea pana uzito wake. Kosa la usalama halingoji faragha: mtu akimwelekezea mwenzake mtutu, unapaza sauti hapohapo mbele ya kila mtu. Mengine yote mvute pembeni, au tembea naye kutoka gwarideni hadi bwaloni mkiongea. Kumfokea mtu mbele ya wenzake kwa sababu ya kifungo cha sare kunafurahisha mfokaji tu. Na sifa nazo uzitoe, hadharani, kwa jambo lenye jina. "Umefanya vizuri" haina maana. "Jana ulivyopanga zamu za lindo watu wawili walipougua, hakuna aliyekesha mara mbili" ina maana, na waliosikia wamejua unaangalia nini.

Wa kozi yako watakupima mapema kwa ruhusa za kishkaji. Mpe mmoja bila utaratibu, wengine nao watadai. Yule aliyekuzidi umri, shikamoo yake mpe mkikutana mtaani au msibani. Kazini ni cheo chake na amri yako, lakini mpe kazi ya kufundisha vijana, kisha uandike alivyowafundisha. Wengi wa aina yake hawana shida na koplo kijana, shida yao ni koplo asiyewauliza chochote.

Jambo jingine: usiwape wote alama za juu ili ulale vizuri. Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na fomu ya alama 1 hadi 5, na kwa miaka mingi karibu kila mtu akawa anapewa 5. Aliyepewa 4 akaonekana ana kasoro, na bodi za kupandisha vyeo zikawa hazioni tofauti. Mwaka 2015 wakaanza kuweka ukomo wa idadi ya wanaoweza kupendekezwa daraja la juu. Huruma yako kwa mvivu inalipwa na yule mchapakazi aliyekaa naye mstari mmoja.

Anayedhani hizi ni karatasi tu akumbuke Januari 1964. Askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, walipoasi kambi ya Colito, iliyo Lugalo ya leo, madai yao yalikuwa mishahara na vyeo vya juu kushikwa na maofisa wa Kiingereza. Jeshi lile likavunjwa, JWTZ ikaundwa Septemba 1 mwaka huohuo. Askari anaweza kuvumilia jua na njaa, ila asiyejua kwa nini mwenzake amepanda na yeye amebaki, huyo ananung'unika usiku, na manung'uniko ya bwenini husambaa haraka.

Umeuliza pia kama umwoneshe askari karatasi ya tathmini yake kabla ya kuipeleka. Fuata utaratibu wa kikosi chako. Kama hairuhusiwi kuiona, basi yaliyomo yote awe ameshayasikia kinywani mwako, na tarehe uliyomwambia iwe daftarini. Akisoma au kusikia jipya siku hiyo, lawama ni yako.

Yule wa pombe usimweke kwenye tathmini ya mwaka ukamwacha hapo. Wiki hii, kabla ya mshahara, zungumza naye mkiwa wawili, mwambie ulichokiona: siku alizochelewa, zamu aliyoikosa, harufu asubuhi. Usimwite mlevi. Kisha mpeleke kwa sajini wa platuni na muombe aonwe zahanati ya kikosi. Na usimpangie lindo lenye silaha usiku wa mshahara mpaka hilo lishughulikiwe. Mbadilishie na mwingine, halafu umwambie sajini kwa nini umebadilisha.