Hita ya maji: nyuzi 45 au 60?

Swali: Fundi, shikamoo. Niko Uyole, Mbeya. Bafuni tuna hita ya tenki ya lita 80. Juzi mwanangu wa miaka mitatu alifungua bomba akaungua kiganja, nikashusha thamostati (kidhibiti joto cha hita) hadi 45. Shemeji anasema sasa nafuga bakteria. Nimsikilize?

Jibu: Marahaba, na pole kwa mtoto. Shemeji hajakosea. Kuna bakteria aitwaye Legionella, huleta nimonia kali, na hustawi kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45, hasa yakituama juu ya kutu na tope la chini ya tenki. Mtu humvuta puani na matone madogo ya shawa. Wazee na wavuta sigara ndio huumia zaidi. Nyuzi 60 huua wengi wao kwa dakika chache. Tatizo ni kwamba maji hayo ya 60 humbabua mtoto kwa sekunde moja tu.

Kwa hiyo rudisha tenki 60, halafu maji yapozwe njiani. Mwambie fundi bomba akufungie vali ya kuchanganya maji yenye thamostati yake, karibu na bafu kadiri inavyowezekana, kwa sababu bomba linalofuata baada ya vali hubeba maji ya uvuguvugu, yale yale anayoyapenda bakteria. Aiseti isizidi 43. Asikuuzie miksa ya kawaida ya mkono. Ile haijui kama maji baridi yamekatika. Kabla hujamlipa, funga koki ya maji baridi ghafla: ya moto nayo ikate ndani ya sekunde chache. Yakiendelea kutiririka, pesa ibaki mfukoni.

Sasa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Najua baridi ya Juni huko, na najua watu huwasha hita dakika ishirini wakaoga. Hesabu inakataa: kutoa lita 80 nyuzi 15 hadi 60 kunakula uniti 4 na kitu, na hita ya kilowati 1.5 huchukua karibu saa tatu. Dakika ishirini zinaongeza nyuzi tano tu! Ukizima na kuwasha, angalau acha ifike 60 na ikae hapo nusu saa.

Namba za kwenye kitufe usiziamini, pima maji kwa kipimajoto. Mkirudi safari ndefu, fungulia shawa dakika kadhaa bila mtu chini yake, dirisha likiwa wazi. Na hadi vali ifungwe, kwenye beseni la mtoto anza na maji baridi.